Huduma za mtandaoni zinazomlinda mtoto na kumheshimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wanaotengeneza na wanaoendesha huduma za mtandaoni zinazowagusa watoto katika miji yetu hii miwili: wenye shule, walimu wa twisheni, makao ya watoto, kampuni za utalii zinazopeleka wageni mashuleni, na vijana wa programu ambao ndio hupewa kazi yenyewe, mara nyingi kwa malipo kidogo na muda mfupi. Maswali nimeyaweka jinsi yanavyoulizwa. Baadhi ya majibu ni marefu, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapoumia zaidi.

Mimi nina tovuti ya shule tu. Haya si mambo ya Facebook na TikTok?

Yanakuhusu, pengine kuliko yanavyowahusu wao. Kampuni kubwa ya Marekani inajua mtoto anapenda video gani, lakini haijui anatokea geti lipi saa tisa na nusu alasiri wala nani huja kumchukua. Wewe unajua. Unajua darasa lake, mtaa anakoishi, jina la mama, namba ya simu, ada ambayo haijalipwa, na ugonjwa ambao mzazi alikueleza kwa siri. Yote hayo yamo kwenye faili moja ya Excel katika kompyuta ya ofisini, na paswedi yake anaijua kila aliyewahi kufanya kazi pale. Mwenye nia mbaya hana haja ya kudukua seva iliyoko California. Faili hiyo inamtosha.

Mtoto ni wa umri gani? Si chini ya miaka 13?

Ni kila aliye chini ya miaka 18. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ndiyo maana ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Tanzania imeuridhia kama ilivyouridhia ule wa Umoja wa Mataifa wa 1989. Hiyo 13 mnayokutana nayo kila mnapofungua akaunti imetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo COPPA, inayozitaka huduma za mtandaoni zipate ruhusa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Ni mpaka wa ruhusa ya mzazi tu. Haikusema popote kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili ameshakuwa mtu mzima.

Ila msiwaweke wote kundi moja. Waingereza, katika kanuni yao ya ubunifu unaoendana na umri wa mtoto, wamewagawa hivi: 0 hadi 5, 6 hadi 9, 10 hadi 12, 13 hadi 15, na 16 hadi 17. Mgawanyo huo unafaa hata kwetu. Mtoto wa darasa la pili hajui tangazo ni nini. Wa darasa la saba anajua, lakini bado anaamini mtu aliyemsifia. Wa kidato cha nne anahitaji faragha yake, hata mbele ya wazazi wakati mwingine.

Sheria zetu zinadai nini hasa?

Kubwa ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, kundi moja na taarifa za vinasaba na za kibayometria. Maana yake huwezi kuzichakata bila ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa pia kujisajili na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Shule binafsi inakusanya. Kituo cha twisheni kinakusanya. Makao ya watoto yanakusanya kuliko wote.

Halafu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kusambaza picha na video za ngono zinazohusu watoto. Nitairudia chini, kwa sababu watu wema huivunja bila kujua.

Sawa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye fomu ya kujisajili. Ifungue, ipitie kisanduku kimoja kimoja, na kwa kila kimoja uliza: mtoto atakosa huduma gani nisipoijua taarifa hii?

Chukua fomu ya kawaida ya twisheni ya mtandaoni. Ina majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, kabila, shule, darasa, mtaa, jina la mzazi, kazi ya mzazi, namba ya simu na picha ya pasipoti. Vitu kumi na viwili, na kazi yenyewe ni kufundisha hisabati za kidato cha tatu jioni. Ili kufundisha unahitaji kujua darasa, unahitaji jina moja la kumwita mtoto, na unahitaji namba ya mzazi. Basi.

Kabila na dini ziliingia kwa sababu mtu alinakili fomu ya zamani ya shule. Ziondoke. Kazi ya mzazi huwa inaulizwa ili kukisia uwezo wa kulipa, na mtoto haitakiwi apimwe hivyo mlangoni. Tarehe kamili ya kuzaliwa haina kazi kama darasa unalijua. Mtaa hauhitajiki kwa somo linalosomwa kwenye simu. Jina la shule linaonekana dogo, lakini likikaa pamoja na picha na darasa, linamwelekeza mtu yeyote hadi getini. Na picha ya pasipoti? Mwalimu atamjua mwanafunzi wake kwa majibu yake.

Taarifa ambayo hukuichukua haiwezi kuibiwa, haiwezi kuuzwa na mfanyakazi aliyekasirika, na haiwezi kutumwa kwa bahati mbaya kwenye grupu lisilo lake. Hakuna programu ya ulinzi, hata ya gharama kiasi gani, inayoweza kusema hivyo.

Tumeweka sehemu ya mipangilio, mtoto anaweza kuficha akaunti yake akitaka. Haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu karibu hakuna anayeifungua. Watu wazima wenyewe hawaifungui. Kinachomlinda mtoto ni hali anayoikuta siku ya kwanza kabla hajagusa kitu. Kuacha kila kitu wazi kisha kumwambia mtoto akifunge mwenyewe ni sawa na kumkabidhi mtoto wa miaka minane ulinzi wa nyumba usiku.

Kampuni kubwa zimeshaadhibiwa kwa hili. Mwaka 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ireland iliitoza Instagram faini ya yuro milioni 405, kwa sababu akaunti za watoto zilikuwa wazi tangu mwanzo, na waliobadili akaunti zao kuwa za biashara walikuta namba zao za simu na barua pepe zikionekana hadharani. Mwaka uliofuata mamlaka hiyo hiyo iliitoza TikTok yuro milioni 345 kwa kosa la aina hiyo hiyo.

Kwa huduma yako ndogo, hali ya mwanzo iwe hivi: akaunti ya mtoto haionekani kwa asiye mwalimu wake wala mlezi wake, mahali alipo hapasomwi, hakuna anayeweza kumwandikia ambaye hamjui, jina lake halitokei akitafutwa Google. Mtoto mkubwa akitaka kulegeza kimojawapo, mweleze kwanza nini kitatokea, na mpe njia rahisi ya kurudi alikokuwa.

Nitajuaje umri wa anayejisajili? Nidai namba ya NIDA?

Usidai. Kitambulisho cha taifa ni cha wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo ukidai NIDA kwa mtoto utapata ya mama yake, na sasa unashika taarifa nyeti za watu wawili badala ya mmoja. Namba ya simu nayo haisemi kitu. Laini aliyonayo mtoto imesajiliwa kwa alama za vidole za mzazi, na simu yenyewe inapita mikononi mwa watu watatu au wanne kwa siku.

Njia nyepesi ni kuuliza darasa. Uliza bila kuonyesha jibu lipi linafungua mlango, maana ukiandika "lazima uwe na miaka 18 ili uendelee", umeshamfundisha mtoto namba ya kuandika. Na kama huduma yako ni ya aina ambayo watoto wataitumia hata usipowaalika, ibuni kana kwamba kila anayeingia ni mtoto. Mtu mzima hatapungukiwa kitu kwa kuheshimiwa faragha yake.

Hilo la simu kupita mikononi lina madai yake ya kiufundi, na watengenezaji wetu wengi hulisahau kwa sababu wanajifunzia kwenye mifano ya nchi ambako kila mtu ana simu yake. Akaunti ijifunge yenyewe baada ya muda mfupi. Arifa inayotokea juu ya kioo isionyeshe maneno ya ujumbe: iandike tu kwamba kuna ujumbe mpya. Na paswedi isihifadhiwe kwenye simu bila kuuliza.

Wazazi wanataka kuona basi la shule lilipo. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya, ila unafuatilia basi, humfuatilii mtoto. Tofauti hiyo ibebe ubunifu wote. Kifaa kikae kwenye gari, kisikae kwenye begi. Ramani ifunguke kwa wazazi wa njia hiyo tu, mathalani wale wa Sakina hadi Njiro, na ifungwe basi likishamaliza kushusha. Kumbukumbu ya safari ya jana haina faida kwa mzazi, lakini ina faida kubwa kwa anayetaka kujua mtoto fulani hushukia wapi kila siku na saa ngapi. Ifutwe usiku huo huo. Vituo viandikwe kwa majina ya jumla, kama stendi au njia panda, visiandikwe kwa majina ya familia.

Wazazi wengi wana kitochi, kwa hiyo ujumbe mfupi wa kawaida unafanya kazi kuliko programu ya kupakua. Mfano: "Basi namba 3 limetoka shuleni saa 9:40. Linatarajiwa stendi ya kwenu saa 10:15." Hauna jina la mtoto wala jina la shule. Simu ikiokotwa, aliyeiokota hapati la kumwongoza.

Wafadhili wetu wako nje, wanataka kuona sura za watoto. Tufanyeje?

Hili ndilo swali kubwa la Arusha na Moshi, na nitalikalia. Miji yetu inaishi kwa wageni. Wanaokuja kupanda Kilimanjaro au kwenda Ngorongoro hupelekwa pia kuona shule na makao ya watoto. Wengine hubaki wiki kadhaa kujitolea. Wakirudi kwao wanaendelea kuchangia. Fedha hizo zimesomesha watoto wengi kweli. Lakini tovuti zinazoziomba zimejaa kurasa ambazo hakuna mzazi mwenye uwezo angekubali ziandikwe juu ya mwanawe.

Nikupe mfano niliotunga, ingawa aliyewahi kuzisoma atautambua haraka. Picha ya uso wa mtoto, macho yametazama juu kwenye kamera. Chini yake: jina kamili, miaka 8, anaishi Sombetini na bibi yake, mama alifariki kwa UKIMWI, baba mlevi, alipofika kwetu hakuwa na viatu. Kisha kitufe: "Mfadhili sasa".

Mtoto huyo hatabaki na miaka 8. Atafika kidato cha kwanza, na wenzake wataandika jina lake Google kwenye simu ya kaka wa mmoja wao. Ataomba kazi. Atachumbia. Ugonjwa wa mama yake, ambao ukoo uliuhifadhi kimya, utakuwa ukurasa wa kwanza unaotokea. Hakuulizwa, na hata angeulizwa, mtoto wa miaka 8 hajui mtandao unakumbuka kwa muda gani.

Ukurasa huo unaweza kuandikwa hivi: "Mwaka huu tunahitaji ada, sare na chakula cha mchana kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Darasa la tatu limeanzisha bustani ya mchicha nyuma ya jiko, na wanabishana kama nyanya zitakubali kwenye udongo wetu." Picha ionyeshe mikono kwenye udongo, au madawati yakiwa na migongo ya watoto, au michoro yao wenyewe. Mfadhili makini atatoa. Anayekataa kutoa mpaka aone machozi, usimruhusu akupangie unachokifanya kwa watoto wa watu.

Kuhusu picha zenyewe, kuziba macho kwa mstari mweusi hakufichi mtoto. Sweta lina nembo. Nyuma kuna kibao cha shule. Mlima Meru ukionekana kwa pembe fulani, mkazi yeyote wa huku anajua picha imepigwa upande gani wa mji. Na ndani ya faili ya picha, simu nyingi huandika mahali hasa ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama faili, au kwa barua pepe, zinabaki. Kabla ya kupandisha picha yoyote kwenye tovuti, iondolee taarifa hizo. Programu za bure za kufanya hivyo zipo.

Barua kati ya mfadhili na mtoto zipite ofisini, zisomwe. Mfadhili asipewe namba wala akaunti ya mtoto, hata akiwa mzee mwema aliyesomesha kumi. Wageni wa kujitolea waelezwe siku ya kwanza kabisa, kabla hawajatoa simu mfukoni, kwamba nyuso za watoto haziendi kwenye akaunti zao.

Lakini mzazi ameshasaini karatasi ya ridhaa.

Jiulize alisaini katika hali gani. Kama ada ya mwanawe inategemea saini hiyo, hapo hapakuwa na uhuru wa kukataa. Ridhaa ya kweli inaandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, inataja kitu kimoja kimoja (kuonekana tovutini ni kitu kimoja, kutumwa kwa mfadhili ni kingine), na inasema wazi kwamba akikataa mtoto hapotezi chochote. Inaweza pia kuondolewa baadaye.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Muonyeshe picha ilivyo kwenye kioo, mwambie itawekwa wapi, halafu nyamaza umpe nafasi. Kuna watoto watakaosema hapana. Hapo ndipo heshima yako inapopimwa.

Tunatuma matokeo ya darasa zima kwenye grupu la wazazi. Kila shule inafanya hivyo.

Acheni. Karatasi yenye majina ya wanafunzi 60, alama zao na nafasi zao, ikishaingia kwenye grupu la WhatsApp, imetoka mikononi mwenu moja kwa moja. Mtoto wa 60 atachekwa na jirani kabla mzazi wake hajaifungua. Hata Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa matokeo ya kidato cha nne kwa namba ya mtahiniwa, bila jina lake, na tangu Januari 2023 imeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Mtumieni kila mzazi ya mwanawe. Inachukua muda zaidi, ndiyo.

Programu yetu ina sehemu ya watoto kuchati. Tuiweke au tuitoe?

Kama kuchati si kazi ya msingi ya huduma, itoe. Kuendesha maongezi ya watoto ni kazi ya watu, tena ya kila siku ikiwemo Jumapili, na vituo vingi havina watu hao. Ukiibakiza, watoto waandikiane ndani ya darasa lao tu, mtu mzima asiweze kuanzisha maongezi ya faragha na mtoto mmoja, na picha zisitumwe. Mwalimu akitaka kumwandikia mwanafunzi, mwalimu wa pili auone ujumbe huo. Mwalimu mwaminifu hatakwazika na kanuni hii. Inamlinda na yeye.

Utafiti wa ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipatwa na unyonyaji au ukatili wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, sawa na watoto wapatao 200,000. Na wanaowadhuru watoto mara nyingi si wageni wa mbali. Ni watu wanaowafahamu. Kwa hiyo usibuni ulinzi wako ukimfikiria jambazi wa nchi nyingine peke yake.

Tumeweka kitufe cha kuripoti lakini hakuna anayekitumia. Ina maana hakuna matatizo?

Hapana. Huenda kitufe hakieleweki, au mtoto haamini kuna atakayemsikiliza. "Ripoti ukiukwaji wa masharti" si lugha ya mtoto aliyeogopa. Andika "Kuna mtu ananisumbua" au "Kuna kitu kimenitisha", na kiwe pale pale penye ujumbe, kisifichwe chini ya ukurasa wa msaada. Akibonyeza, asitakiwe kueleza kirefu: apewe mambo matatu manne ya kuchagua, na nafasi ya kuandika akitaka. Papo hapo aambiwe nani atasoma na lini atajibiwa. Kisha ajibiwe kweli.

Fikiri sana taarifa inakwenda kwa nani. Programu nyingi hutuma nakala kwa mzazi moja kwa moja. Je, kama anayemsumbua yumo humo nyumbani? Au kama ni mwalimu ndiye msimamizi wa mfumo? Taarifa isomwe na watu wawili wasio wa idara moja, na mtoto awe na njia isiyopita kwenu kabisa. Njia hiyo ipo: namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema, ni bure kupiga. Iandike namba hiyo ndani ya programu, ionekane bila kutafutwa. Jambo likiwa zito, linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Na hapa narudi kwenye sheria ya 2015. Mkipata picha ya utupu ya mtoto, msiisambaze "kama ushahidi" kwenye grupu la walimu, wala msimtumie mwenye shule aione. Kila anayeituma anamdhuru mtoto tena, na anajiingiza kwenye kosa. Msiifute wala msiinakili. Iacheni pale ilipo kwenye simu au mfumo, wekeni simu hiyo mahali salama, andikeni saa na akaunti iliyotuma, na waiteni polisi.

Tunataka watoto warudi kila siku. Zawadi na nyota zina ubaya gani?

Nyota kwa zoezi lililokamilika hazina ubaya. Ubaya huanza pale mtoto anapoadhibiwa kwa kuondoka: siku zake mfululizo zinafutwa akikosa jana, mnyama wa katuni analia, saa inahesabu kurudi nyuma karibu na kitufe cha kununua. Mtoto ambaye jana bando lilikwisha, au simu ilikwenda na mama sokoni Kiboriloni, ameadhibiwa kwa hali ya nyumbani kwao. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani, sehemu yake ikiwa ni kwa sababu vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji, watoto wakiwemo, wanunue vitu bila kukusudia. Kwetu, chochote kinachogusa salio la mzazi kidai namba yake ya siri kila mara, na programu isiihifadhi.

Sera ya faragha tumenakili ya kampuni nyingine, kwa Kiingereza. Inakubalika?

Haimsaidii mtoto wala bibi yake. Andikeni yenu, kwa Kiswahili, iwe fupi: "Tunahifadhi jina lako na darasa lako. Wanaoziona ni mwalimu wako na mzazi wako. Ukitaka tuzifute, bonyeza hapa au mwambie mwalimu." Kama huwezi kuieleza kwa ufupi huo, huenda unakusanya mengi mno.

Mzazi anataka kusoma kila kitu mtoto anachofanya kwenye programu. Tumpe?

Inategemea umri. Kwa mtoto wa miaka 7, sawa. Kwa wa miaka 16, mpe mzazi maendeleo ya masomo, maongezi ya mtoto yabaki ya mtoto. Umri wowote ule, kama mzazi anaona, mtoto aonyeshwe alama kwamba anaonwa. Kanuni ya Waingereza inadai hivyo hivyo, na nakubaliana nayo kabisa: kumpeleleza mtoto kwa siri kunamfunza kujificha, na siku akiwa na shida ya kweli hatakuja kwako.

Si bora tuwazuie watoto mtandaoni moja kwa moja?

Australia imeanza, Desemba 2025, kuzuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Watu wa busara wanabishana kuhusu hilo. Kwa huduma tunazozizungumzia hapa, kuzuia si jibu. Mtoto wa Marangu asiye na mwalimu wa fizikia anaupata ufafanuzi kwenye simu, na mtoto kiziwi anakutana huko na wenzake wanaotumia lugha ya alama. Kupata taarifa ni haki yake pia, imo kwenye mikataba ile ile inayomlinda.

Tuwashirikishe watoto kutengeneza? Hawatatuchelewesha?

Washirikisheni. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilipoandika Maoni ya Jumla namba 25 kuhusu mazingira ya kidijitali, mwaka 2021, ilisikiliza kwanza watoto zaidi ya 700 katika nchi 28. Ninyi mnahitaji darasa moja, kwa idhini ya wazazi. Mpe mtoto programu, usimwelekeze, mwambie atafute jinsi ya kumzuia mtu anayemsumbua, halafu tazama kidole chake kinakwenda wapi. Kikizunguka kioo bila kufika, kosa ni la kioo. Mabaraza ya watoto nayo yapo. Ombeni nafasi, na muwarudishie watoto majibu ya mlichokibadilisha kutokana na maneno yao.

Mtoto akihama, au huduma ikifungwa, taarifa zake zifanyweje?

Amueni siku ya kwanza, wakati bado mna ari. Akihama, taarifa zifutwe ndani ya muhula, isipokuwa zile ambazo sheria inawataka mzitunze. Kufuta ni pamoja na nakala za akiba, faili kwenye Google Drive iliyogawiwa kwa walimu watano ambao wawili wameshaacha kazi, na picha kwenye simu ya aliyekuwa mpiga picha wenu.

Huduma ikifungwa, kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau. Msipolipia jina la tovuti, likiisha muda wake mtu mwingine anaweza kulinunua, na barua pepe zote zinazotumwa kwenye anwani zenu za zamani zitaingia kwake: za wazazi, za wafadhili, na ujumbe wa kubadili paswedi za akaunti mlizozisahau. Funga kwanza kila akaunti iliyosajiliwa kwa anwani hizo, wajulishe wazazi wasiandike tena huko, na jina lenyewe liendeleeni kulilipia angalau mwaka mmoja baada ya kufunga.